Mwendo wa Aoko

Picha za Aoko zilikuwa mbili, na zote mbili amesimama. Moja alipigwa shuleni, uso na mabega tu, ukuta nyuma. Ya pili alipigwa siku ya Komunyo ya kwanza, gauni jeupe, viatu vya kuazima, mikono ameikunja mbele kama alivyoamriwa na mpiga picha. Asiyemjua akizitazama ataona mtoto wa kike mzima, shavu limejaa, basi. Mguu hauonekani.

Na Aoko alikuwa mguu wake. Mama yake, Justa, akiwa ndani anashona na mlango umeegeshwa, aliutambua mwendo ule kati ya miendo yote ya ua wao wa Mirongo, Mwanza. Mguu wa kulia ulitua, ukangoja. Wa kushoto ukaja ukiburuta kidole, ukagusa chini kidogo tu kama unaomba radhi, na mara wa kulia umeshaondoka tena. Watu waliona kilema. Justa alisikia mwanawe anarudi nyumbani.

Mguu ule uliharibika Aoko akiwa mchanga, kwa sindano iliyochomwa pasipotakiwa, na aliyeichoma hakuulizwa na mtu. Justa alipokwenda kuuliza, aliambiwa mtoto kazaliwa hivyo, yeye ndiye hakumtazama vizuri. Mwanamke asiyekwenda shule huambiwa mengi. Anayoambiwa huandikwa, na yaliyoandikwa ndiyo huwa kweli.

Jina Aoko, kwa Kijaluo, ni la mtoto aliyezaliwa nje, na yeye alizaliwa nje kweli, kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, enzi hizo watu bado wanasubiri pantoni kwenda Busisi. Baba yake, Okeyo, alikuwa Mjaluo wa upande wa Mara. Justa alikuwa Msukuma. Ndugu wa Okeyo walikubali ndoa ile kama mtu anavyokubali mvua akiwa ameshaloa.

Okeyo alikuwa fundi simu na redio, kibanda chake hapohapo Mirongo. Siku moja kwenye mzigo wa vifaa vya mitumba alikuta mashine ndogo ya kuchezea gemu, ya kushika mkononi, nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, kioo chake kidogo kisichojua rangi zaidi ya nne, kuanzia weupe mchafu mpaka weusi. Waliozitengeneza mashine zile walikuwa wameziacha zamani sana. Lakini Okeyo akagundua kwamba duniani kuna watu, wengine wazee kabisa, ambao bado wanaziandikia gemu mpya majumbani mwao, kwa mapenzi tu, wanapeana bure na kufundishana kwenye mtandao. Jambo hilo lilimwingia. Mashine iliyotelekezwa na walioizaa, ikalelewa na watu baki! Akanunua laptopu iliyochoka, akaanza kujifunza, na mdogo wake Okomo, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Nyakato, akawa anakuja Jumapili kujifunza naye.

Kuandika maagizo ya gemu Okeyo alijua. Kuchora hakujua. Ng'ombe wake alifanana na meza. Justa ndiye aliyemcheka, akachukua kitambaa chake cha kudarizi, kile cha vyumba vyumba ambacho hushonwa maua ya kuwekwa kwenye makochi, akamdarizia ng'ombe kwa nyuzi nne. Okeyo akahesabu vyumba, akavihamisha kimoja kimoja kwenye laptopu, na ng'ombe akatokea kwenye kioo, ana nundu, ana dharau. Tangu siku hiyo wakawa wanafanya hivyo. Justa alidarizi mawe ya Mwanza yaliyobebana, magugu maji, kenge, ndege mnandi anayekausha mabawa. Hakujua herufi hata moja, lakini chumba kwa chumba aliijua dunia nzima.

Gemu yenyewe aliitaka Aoko. Alitaka msichana anayeshuka mawe kwenda ziwani na kurudi nyumbani bila kukamatwa na kenge. Baba yake akamuuliza msichana huyo aweje.

"Atembee kama mimi," Aoko akasema. "Hao wengine wote kwenye gemu wanakimbia tu."

Basi Justa akadarizi picha za mwendo, miguu ikibadilishana, mguu wa kushoto ukiwa na kidole kilichoning'inia. Lakini picha ni kitu kimoja, na mwendo ni kingine. Kila picha ilibidi ipewe muda wake wa kukaa kwenye kioo kabla ya kuipisha nyingine, na muda huo Okeyo aliupanga kwa namba. Alikaa kwenye ndoo uani, laptopu mapajani, Aoko akienda na kurudi mbele yake, naye anatazama miguu, anaongeza, anapunguza. Mtoto aliyakataa mengi. Halafu jioni moja akaichukua mashine mkononi mwa baba yake na hakuirudisha mpaka chaji ilipokwisha.

Homa iliyomchukua Aoko ilianza Jumatatu kama mchezo, na kabla ya Jumapili walikuwa wamemzika.

Mashine ikafungiwa kabatini. Hakuna aliyeitaja. Kisha siku moja Justa akamkuta Okeyo amekaa kitandani, ameiwasha, kidole kikiwa kwenye kitufe. Akakaa naye. Msichana yule mdogo wa vyumba vyumba akashuka mawe: akatua, akangoja, akaburuta, akaondoka. Tangu hapo kila wakimaliza kula waliiwasha. Hawakucheza. Walimtembeza. Walimpeleka ziwani wakamrudisha nyumbani, kisha wakazima.

Wenzake Okeyo wa kwenye mtandao walimwomba aitoe gemu ile waicheze. Akawajibu haijakamilika. Ilikuwa imekamilika. Hakutaka tu kumtoa mtoto nje tena.

Mwaka uliofuata Okeyo naye akaanguka mezani pake, chuma cha kuchomea kikiwa bado cha moto mkononi. Wakasema ni presha.

Walimzika kwao, upande wa Mara, na vitu vyote vya chumba cha Mirongo vikapakiwa kwenye gari vikafuata maiti. Katika ukoo ule kuna utaratibu wa siku ya kumaliza matanga. Vitu vya marehemu hutandazwa uani, na kabla ndugu hawajagawana, mjane huitwa aweke mkono juu ya kitu kimoja. Atakachokishika ni chake, hakuna wa kumnyang'anya. Vilivyobaki ni vya ukoo. Haruhusiwi kutaja viwili, wala kueleza.

Justa alisimama mbele ya vitu vyake. Sufuria zake zilikuwemo, na godoro, na redio, na mashine ile ya gemu juu ya laptopu kama kitoto kilichobebwa. Na cherehani. Cherehani aliinunua yeye, kwa mikono yake, kabla hata hajamjua Okeyo. Akamwambia mzee Nathaniel, baba mdogo wa marehemu aliyekuwa akisimamia, kwamba cherehani isihesabiwe, kwa sababu haikuwa ya mumewe.

Mzee Nathaniel hakukasirika. Alisema kwa upole, mbele ya watu wote, kwamba kitu kilicholala ndani ya nyumba ya mwanaume ni cha mwanaume, na kwamba wanangoja.

Hebu fikiri. Kuibiwa ni jambo moja. Kuambiwa uchague kimoja katika ulivyoibiwa, na watu wanakutazama wakuone utashukuruje, ni jambo jingine kabisa. Justa alijua kwamba akirudi Mirongo bila cherehani atakuwa ombaomba. Akaweka mkono juu ya cherehani.

"Kumbe machozi yana macho," akasema wifi yake, Dorcas, na wanawake wakacheka ndani ya khanga zao.

Mashine ya gemu na laptopu vikapewa Okomo, kwa kuwa ni yeye tu aliyejua kuvitumia. Justa akajipa moyo. Okomo alikuwa shemeji wa utani, mtu mwema, mwanafunzi wa Okeyo. Kwake Nyakato si mbali. Ataenda kumtembeza mtoto wake siku moja moja.

Lakini hakwenda. Alichelewa kwa sababu aliogopa kukaa kitandani kwa watu na kulia. Alijiambia mwezi ujao, ukaja ukapita. Kitu kilikuwepo, ilimtosha kujua kwamba kipo.

Ndipo siku moja msichana anayeuza vipodozi duka la pili kutoka pale Justa aliposhonea, Favour, akaleta sketi ipunguzwe, akakaa kwenye benchi kungoja, akatoa simu akawa anacheza. Justa alipoinua kichwa kukata uzi akayaona mawe. Alikuwa ameyadarizi mwenyewe mawe yale. Akamwona mnandi wake. Akamwona kenge, yule ambaye Aoko alisema anafanana na wifi Dorcas. Akasogea. Na juu ya mawe akatokea msichana mdogo, gauni lilelile, kichwa kilekile, akatembea kwenda ziwani moja, mbili, moja, mbili, kama askari.

Aliuliza ni nini kile. Favour akamweleza kwa furaha kwamba ni gemu ya mashine za zamani lakini inakubali hata kwenye simu, imetengenezwa hapahapa Mwanza, kuna kaka wa Nyakato ameiweka mtandaoni bure na watu wa nchi za nje wanaisifia. Akamwinulia simu aone vizuri.

Justa aliiacha sketi kwenye cherehani, sindano ikiwa bado ndani ya kitambaa.

Nyakato alimkuta Getruda, mke wa Okomo, anapepeta mchele nje ya chumba chao, ana mimba kubwa. Getruda alitaka kuinuka, akamzuia.

"Shikamoo dada. Leo umekumbuka ndugu?"

"Marahaba. Mumeo yuko wapi?"

"Amelala, alikuwa shifti ya usiku. Kwema lakini?"

"Mwamshe."

Okomo alitoka na fulana ya ndani, anafikicha macho, na alipomwona akafurahi kweli. Hilo ndilo lililomuumiza Justa zaidi baadaye, kwamba alifurahi kweli. Alisema alikuwa anataka kumpigia ampe habari njema. Gemu ya kaka inachezwa. Kuna mtu wa Brazili ameandika, kuna mwingine wa Japani. Jina la kaka ameliweka mwanzoni kabisa, na chini yake ameweka la shemeji kwa sababu ya michoro. Akaingia ndani akatoka na mashine yenyewe, ameifuta, ameibadilishia kioo.

Justa aliipokea, akabonyeza mahali alipokuwa akibonyeza siku zote. Moja, mbili, moja, mbili.

"Umemfanya nini mtoto wangu?"

"Nimemrekebisha, shemeji. Alikuwa anakwama. Mtu akicheza angedhani gemu ni mbovu. Muda wa picha haukuwa sawa, moja inakaa, nyingine inapita. Na ule mguu wa kushoto nimeuondoa, nikachukua wa kulia nikaugeuza kama kwenye kioo, nikaupachika. Ndivyo tunavyofanya, inapunguza na uzito wa gemu."

"Okomo. Ulimjua Aoko."

Okomo akatazama chini, kidole cha mguu kikichora mchanga. Aliposema tena, sauti haikuwa ile ya fundi.

"Nilijua ni yeye. Ndiyo maana nikamnyoosha. Nilifikiri, huko angalau atembee kama wenzake. Hata mbinguni tunaambiwa vilema watanyooka."

"Mbinguni atanyooshwa na mwenye mbingu," Justa akasema. "Wewe nani?"

Ubaya uliotendwa kwa nia njema hauna pa kushikwa. Mwizi unamwita mwizi. Huyu utamwita nani? Justa alimwambia arudishe mguu. Okomo akasema sawa, ni kazi ndogo, akaleta laptopu yake. Kisha akaanza kutafuta, akatafuta sana, na Justa aliyejua nyuso za watu wanaotafuta kisichokuwepo akaelewa kabla ya kuambiwa. Laptopu ya Okeyo ilikuwa imekufa. Kabla haijafa Okomo aliokoa gemu, akaendelea nayo kwenye yake, na kila alipobadilisha alihifadhi juu ya ileile, kama kaka yake alivyomfundisha, kwa sababu kaka yake alikuwa mtu wa kubana nafasi. Kadi ya kutunzia gemu iliyokuwa ndani ya mashine nayo aliifuta, akatia gemu mpya, siku ileile aliyobadili kioo. Okeyo hakuwahi kumpa mtu mwingine nakala. Duniani kote, kwa Brazili yote na Japani yote, mwendo ule haukuwepo tena.

"Mguu ninao," Justa akasema. "Kitambaa ninacho Mirongo. Na hata bila kitambaa." Akaomba karatasi, akachora vyumba, akaujaza mguu wa kushoto bila kuinua mkono. Okomo akauhamisha. Kidole kikaning'inia tena. Justa akashusha pumzi.

"Sasa muda," Okomo akasema. "Kila picha inakaa kiasi gani?"

Hakujua. Hizo zilikuwa namba za Okeyo, na Okeyo alikuwa chini ya udongo upande wa Mara.

Wakajaribu. Okomo aliweka namba, akamwonyesha. Msichana akatembea kama bibi kizee. Akabadilisha. Akatembea kama aliyechomwa na mwiba sasa hivi. Akabadilisha. Akatembea kama mlevi, na Okomo akacheka bila kutaka, akaomba radhi. Jua lilisogea, wakausogeza mkeka kivulini. Getruda akaleta uji, ukapoa. Kila mara Justa alisema hapana, siye, na kila mara ile hapana yake ilikuwa na nguvu pungufu kuliko iliyotangulia. Alifumba macho amwone Aoko anavyoingia uani. Mwanzoni alimwona. Lakini kila mwendo mbovu aliouona kwenye kioo uliacha tope, na alipofumba macho tena alikuta yule bibi kizee, yule mlevi, wamesimama mlangoni kwake na mtoto yuko nyuma yao haonekani.

Akashikwa na hofu ambayo hakuipata hata makaburini. Makaburini alipoteza mtoto. Hapa alikuwa anampoteza yule aliyebaki kichwani mwake.

"Acha," akasema. "Acha, unamfuta. Kila ukibonyeza unamfuta."

Okomo akafunga laptopu nusu. Kisha akasema, bila kumtazama, kwamba kaka hakuzitoa zile namba kichwani, alizitoa kwa kutazama mtu akitembea. "Labda utembee wewe, shemeji. Mimi nitahesabu."

Getruda aliyekuwa mlangoni aliinua kichwa. Kila mwanamke anajua jambo hilo. Kilema haigizwi, na haigizwi kabisa kabisa mbele ya mwenye mimba, maana anayeigiza huita, na kinachoitwa huja. Akashika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Dada, nakuomba. Si mbele ya tumbo langu."

Justa alimtazama binti yule, uso wa mviringo, miguu iliyovimba, na siku nyingine yoyote angeomba msamaha akaenda zake. Siku ile hakuwa na huruma ya kumpa mtu. Walimwacha na nini cha kugawa?

"Ingia ndani, ufunge mlango," akamwambia.

Getruda akaingia, komeo likalia.

Justa akavua ndala. Akasimama pale uani, mwanamke wa makamo, kilemba kimelegea, akaanza kutembea kwa mguu wa kulia akiuburuta wa kushoto. Wanawake waliokuwa wakifua bombani wakaacha kufua. Mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika huyu naye kapandwa na nini, anamwigiza nani mchana kweupe katika ua wenye watoto. Mwingine akasema waganga siku hizi wanaelekeza mambo. Justa aliwasikia wote. Alikwenda mpaka ukutani akarudi, na alijua kabla Okomo hajatikisa kichwa kwamba ilikuwa igizo tu. Alikuwa anatembea kama watu walivyokuwa wakimwona Aoko. Mwili wake haukuwahi kuwa na mguu ule. Haukuwa na cha kukumbuka.

Akasimama, jasho linamtiririka, akataka kukaa chini palepale alie. Na alipokuwa amesimama hivyo mkono wake wa kushoto ukafunguka wenyewe, chini kidogo ya nyonga, kiganja kikitazama nyuma, kama unavyofunguka kwa mtu aliyezoea kushikwa.

Kwa mkono ule alimshika Aoko kila asubuhi kwenda shule, kupanda kilima na kushuka, tangu darasa la awali. Na hakuwahi kutembea kama Aoko. Alitembea kama mama wa Aoko: hatua moja, kisha kusubiri kidogo, uzito ukiwa kwenye kisigino, mpaka mkono mdogo uvute, ndipo hatua nyingine.

Akaanza upya. Safari hii hakuburuta kitu. Alitembea kwa miguu yake miwili mizima, mkono wa kushoto umeshika hewa, akawa anasubiri. Hakujipangia asubiri kiasi gani. Kisigino ndicho kilichojua. Alikwenda ukutani, akarudi, akaenda tena. Bombani maji yalikuwa yanamwagika kwenye ndoo iliyojaa na hakuna aliyeyafunga. Mwanamke aliyesema habari za waganga alijifunika mdomo kwa khanga.

"Endelea, shemeji," Okomo akasema taratibu. "Endelea hivyohivyo, usiniangalie."

Alipokuwa akisubiri, Okomo alihesabu kusubiri kule, akaupa mguu wa kushoto wa mtoto. Alipokanyaga, akaupa wa kulia. Ilikuwa kama kumpima mtu nguo kwa kivuli cha aliyesimama karibu naye. Akaandika, akaitia kwenye kadi, kadi kwenye mashine, akamkabidhi Justa kwa mikono miwili.

Justa akakaa kwenye mkeka. Akabonyeza. Msichana akashuka jiwe la kwanza. Akatua, akangoja. Akaburuta, akagusa, akaondoka. Akateremka mpaka kwenye magugu, akageuka, akaanza kurudi nyumbani.

Haukuwa wa bibi kizee, wala wa mlevi. Ulikuwa mwendo wa mtoto anayekwenda mahali. Lakini Justa akiendelea kumtazama akahisi kitu kingine, kidogo, kama jiwe ndani ya wali. Je, alikuwa akingoja sana hivyo? Au kule kungoja kulikuwa kwake yeye, Justa, mtu mzima aliyejichelewesha kwa ajili ya mtoto, na Aoko mwenyewe akiwa peke yake alikuwa mwepesi zaidi? Alikuwa akienda peke yake mara ngapi? Dukani, kisimani, kwa jirani. Mwendo huo mama hakuushika mkono. Aliusikia tu, nyuma ya mlango.

Akafumba macho ausikilize. Hakusikia kitu isipokuwa maji ya bombani.

Okomo alikuwa amepiga magoti pembeni yake, laptopu imefunguliwa, kidole juu ya kitufe cha kuhifadhi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Justa akikubali ataihifadhi juu ya ile iliyonyooka, na ataituma leo, na wote walionayo wataambiwa waitupe ya zamani. Kama siyo, waendelee kutafuta.

"Ndiye, shemeji?"

Akisema siye, wangejaribu tena, na tena, na kila jaribio lingemla mtoto kidogo mpaka asibaki hata wa kulinganisha. Akisema ndiye, angekuwa ameapa mbele ya dunia kwa jambo asilolijua. Alimtazama yule mdogo juu ya kioo, aliyefika mlangoni kwao na kusimama, anangoja kidole cha mtu.

"Ndiye," akasema. "Funga hapo."

Okomo akabonyeza.

Mashine alibaki nayo Okomo, maana ndivyo ilivyogawanywa, na Justa hakuiomba. Getruda hakufungua mlango kumuaga, naye hakubisha. Aliondoka kwa miguu kuelekea barabara kubwa, na njiani akajaribu kumwita Aoko, kama alivyokuwa akimwita siku zote, aingie uani Mirongo kutoka shule. Akaja mara moja, bila taabu, begi mgongoni. Akatua, akangoja, akaburuta, akaondoka, sawasawa kama kwenye kioo, na Justa alipojaribu kumpunguzia kule kungoja hakukubali tena.